Moyo wa Kima Uko Wapi?

Sogeeni, nyinyi mnaosomea nyumbani, ambao mwalimu wenu ndiye huyo huyo mama anayewaita kula. Leo tunasoma kwa ufahamu, na tutasoma kisa cha kima na papa.

Ni kisa cha zamani. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja, alikichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa na wenyeji. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia baharini, na kila siku humrushia papa matunda. Siku moja papa anamwambia, twende kwetu nikulipe fadhila. Kima anampanda mgongoni. Wakiwa katikati ya maji, papa anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa sana na dawa yake ni moyo wa kima.

Funga kitabu hapo hapo, hata kama vidole vinakuwasha. Wewe ungefanyaje? Pwani iko mbali.

Haya, fungua. Kima anamlaumu papa kwa upole: mbona hukusema mapema? Sisi tukienda matembezini, mioyo tunaiacha mtini! Papa anageuza njia kumrudisha. Kima anarukia tawi, anapanda juu kabisa, ananyamaza kimya.

Kima alikaa mti gani? Mkuyu. Swali hilo ni la kuokota tu, jibu lake limelala mstarini. Langu ni hili: kwa nini papa alitoboa siri kabla hawajafika? Angeweza kunyamaza. Mimi nadhani aliona haya, maana alikuwa amekula sana matunda ya mwenzake. Dada yako atasema hapana, papa alijiamini tu kwa kuwa kima hakuwa na pa kukimbilia. Bishaneni, lakini kila mmoja aweke kidole kwenye maneno yaliyomfanya aseme hivyo. Asiye na pa kuweka kidole anabahatisha.

Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, ambaye wazazi wengi wanaofundisha nyumbani bado wanamfuata, alitaka kisa kisomwe mara moja tu, kisha mtoto akisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Napenda sana, maana ukijua hutasomewa tena, masikio yanasimama. Ila mimi sikomei hapo. Kasuku naye husimulia.

Turudi kwenye kisa. Papa anapomwita tena, kima anamuuliza kama anamdhania punda wa dobi, kisha anamhadithia. Sungura alimlaghai punda huyo mpaka kwa simba. Simba akamrukia, punda akaponyoka na majeraha. Sungura akamfuata tena, naye punda akarudi kule kule! Safari hii aliuawa. Simba akaagiza awekewe moyo na masikio tu. Sungura akavila kwa siri, na alipoulizwa akajibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio; angekuwa navyo, angerudi?

Soma jibu hilo pole pole. Sungura amesema uongo, na papo hapo amesema kweli. Ukweli wenyewe uko wapi? Na kima, kwa nini alichagua kumsimulia papa kisa hiki na si kingine? Mjibuni mama kwanza, kisha mje kwangu. Nina jibu langu, lakini sikwambii mpaka nione kidole chako kiko mstari gani.