Kompyuta na Maisha Yetu (4): Laptopu ya Magemu Inatosha?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, vijana wa Magole na Dumila, mkoani Morogoro, wananiuliza swali lile lile: ikiwa kompyuta yangu ya zamani haipokei Windows 11, ninunue laptopu ya magemu au nibaki na kompyuta ya mezani? Prosesa na ramu tulizimaliza katika sehemu zilizotangulia. Leo nianze na historia, kwa kuwa jibu limo humo.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine ilitangulia, mafundi wakachelewa. Tulitegemea wataalamu wa kigeni, hesabu za Serikali zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wapo wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki. Wazee wetu walikwishaona kwamba mashine usiyoweza kuifungua wala kuitengeneza hukutawala, hata kama umeilipia mwenyewe. Walipokosea ni pale walipofunga mlango badala ya kufundisha mafundi.

Wakati sisi tumejifungia, mwaka 1981 Adam Osborne alitoa Osborne 1, kompyuta ya kubeba mkononi. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11 na kioo cha inchi 5, wala haikuwa na betri. Uliibeba popote, lakini bila soketi haikuwaka. Huko ndiko ilikoanzia safari ya laptopu, na kwa upande wa magemu bado hatujafika mbali: chomoa chaja katikati ya gemu nzito, mashine hupunguza nguvu papo hapo, maana betri haiwezi kulisha kadi ya picha ipasavyo.

Majina ya kadi nayo yanapotosha. RTX 4090 ya mezani hula hadi wati 450. Ile ya laptopu yenye jina hilo hilo hupewa wati 150 hivi, na kiini chake ni kidogo zaidi. Hakuna uchawi hapo. Umeme wote huo huishia kuwa joto, na joto linahitaji nafasi ya kutokea. Fungua mfuniko wa chini wa laptopu iliyotumika msimu mmoja wa kiangazi hapa Magole: utakuta feni mbili nyembamba, na mbele yake mapezi ya shaba yamezibwa na vumbi lililoshikana kama sufi. Mashine inayopumua hivyo hujipunguzia kasi ili isiungue. Kadi yake imechomelewa kwenye bodi. Ikifa, mara nyingi umepoteza mashine nzima. Ya mezani unafungua ubavu, unachomoa kadi, unapachika nyingine.

Laptopu ina heri yake. Mafuriko ya Januari 2014 yalipoivamia Magole na kukata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, watu waliokoa kilichobebeka. Umeme ukikatika, laptopu hukupa muda wa kuhifadhi kazi. Kwa mwanafunzi wa bweni, inatosha. Kwa mwenye chumba chake na anayetaka gemu nzito kwa miaka mingi, haiwezi kushika nafasi ya kompyuta ya mezani. Na fedha atakazookoa anunue UPS, ili naye umeme ukikatika apate muda wa kuhifadhi kazi.

Lakini vijana, kabla ya kuuliza gemu inakimbia kasi gani, ulizeni nani ataitengeneza. Walimu wetu nao nawasihi: kompyuta mbovu zilizofungiwa stoo za shule zitoeni, mziweke mezani, muwape wanafunzi bisibisi. Hasara haipo, kwa kuwa zimekwisha kufa. Mtoto aliyefungua moja kwa mikono yake hatadanganywa na jina lililobandikwa juu ya boksi, na kesho atakuwa fundi tuliyemkosa mwaka 1965.

Sehemu ijayo: UPS na stebilaiza.