Nani Anamtuma Kijana?



Bomu linapolipuka sokoni au kanisani, tunauliza haraka: ni nani aliyelitega? Ni mara chache tunauliza: alifikaje hapo, na nani alimtuma? Riwaya za kusisimua zinaweza kutusaidia, kwa sababu mwandishi hutuingiza ndani ya nyumba ambamo jambo hilo lilipangwa.

Mfano mmoja ni riwaya ya Joseph Conrad iitwayo The Secret Agent, iliyotoka mwaka 1907. Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Wapolandi waliokuwa chini ya utawala wa Urusi. Akiwa na miaka minne tu, wazazi wake walihamishwa kwa nguvu kwa sababu ya siasa, naye akaenda nao. Mwaka 1890 alifika hata kwetu, akasafiri kwa meli kwenye mto Kongo mpaka Kisangani ya leo.

Riwaya hiyo inatokana na tukio la kweli. Tarehe 15 Februari 1894, Mfaransa Martial Bourdin alibeba bomu katika bustani ya Greenwich, London. Lilimlipukia mkononi, akafa.

Ni nini kinachowasukuma watu hawa?

Conrad haonyeshi sababu moja, bali watu mbalimbali:

- Ofisa wa ubalozi wa nchi ya kigeni. Anataka Waingereza waogope, ili serikali yao iwabane wanasiasa waliokimbilia London. Yeye mwenyewe hagusi bomu.
- Verloc, mwenye duka. Kwa siri analipwa na ubalozi huo, na anatishiwa kukatiwa mshahara asipotenda kitu.
- Mtengeneza mabomu. Anaamini kwamba dunia imemnyima heshima anayostahili.
- Stevie, shemeji yake Verloc. Ni kijana mwenye akili dogo na moyo wa huruma. Akiona farasi anapigwa au maskini anateseka, anaumia sana.

Anayebeba bomu ni Stevie. Hamchukii mtu yeyote. Anamtii shemeji yake kwa sababu dada yake mwenyewe alimfundisha kwamba Verloc ni mtu mwema. Njiani anajikwaa, bomu linamuua. Polisi wanaifikia nyumba yao kwa anwani ambayo dada alishona ndani ya koti, ili kijana asipotee. Dada anapojua ukweli, anamuua mumewe kwa kisu, kisha naye anajiua. Nyumba nzima imekwisha, na ofisa wa ubalozi bado yuko hai.

Somo kwetu

Kuelewa sababu si kuhalalisha uuaji. Lakini tukidhani kwamba chuki peke yake ndiyo inayowachukua vijana, tutachelewa. Wengine huchukuliwa kwa pesa, wengine kwa uchungu wa kudharauliwa, na wengine kwa huruma yao wenyewe: wanaambiwa kwamba watawaokoa watu wao. Katika maisha ya ukimbizi, ambapo shule na kazi ni shida, milango hiyo yote iko wazi.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika kikundi

1. Mtu akimpa kijana wetu pesa au kazi ya siri, tunamuuliza nani?
2. Anayesema tupigane, je, mtoto wake mwenyewe yuko wapi?
3. Kijana mwenye uchungu anaweza kumwambia nani hapa kwetu bila kuogopa?