Siku ya Nyuki, Siku ya Kiboko, Siku ya Choo: Zina Maana Gani kwa Mwananchi wa Katavi?

Mpanda, Katavi

Katika Manispaa ya Mpanda si rahisi kumpata mtu mzima asiyejua kwamba tarehe 7 Julai ni Sabasaba na tarehe 8 Agosti ni Nanenane. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba tarehe 15 Februari ni Siku ya Kiboko Duniani, tarehe 21 Juni ni Siku ya Twiga na tarehe 19 Novemba ni Siku ya Choo. Majina hayo huwachekesha wanaoyasikia kwa mara ya kwanza, na swali linalofuata huwa ni kama siku hiyo watu hawaendi kazini.

Watu huenda kazini kama kawaida. Hata hivyo, baadhi ya siku hizo zinagusa moja kwa moja maji, misitu, kipato na afya za wananchi wa mkoa huu, na ndiyo maana inafaa zieleweke.

Tofauti ya sikukuu na siku ya maadhimisho

Sikukuu za umma nchini Tanzania zimewekwa na Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 35. Nje ya zile zilizoorodheshwa, Rais anaweza kutangaza siku nyingine kuwa ya mapumziko, kama ilivyofanyika tarehe 23 Agosti 2022 ili wananchi wapate nafasi ya kuhesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi.

Siku ya maadhimisho haina nguvu hiyo. Haifungi ofisi, haisimamishi masomo wala haimpi mwajiriwa haki ya kupumzika. Kazi yake ni kuelekeza macho ya watu kwenye jambo moja kwa siku moja. Kwa hiyo, ujumbe wa simu unaodai kwamba kesho ni mapumziko kwa sababu ni siku fulani ya dunia usiaminiwe mpaka kuwe na tangazo rasmi la Serikali.

Siku hizi pia hazilingani uzito. Zipo zinazotangazwa kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, zipo zinazotangazwa na mashirika yake kama UNESCO, na zipo zilizoanzishwa na wanasayansi au asasi za kiraia. Siku ya Kiswahili Duniani, inayoangukia Sabasaba, ilitangazwa na UNESCO mwezi Novemba 2021 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 2022. Siku ya Kiboko na Siku ya Twiga hazikutokana na azimio la Umoja wa Mataifa. Zilienea kwa juhudi za wahifadhi.

20 Mei: nyuki na misitu ya Mlele

Siku ya Nyuki Duniani ilipendekezwa na Slovenia na kupitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2017. Tarehe hiyo inamkumbuka Anton Janša, aliyebatizwa tarehe 20 Mei 1734. Alikwenda Vienna kujifunza uchoraji, lakini mwaka 1770 akateuliwa kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki. Umoja wa Mataifa ulizingatia pia kwamba mwezi Mei nyuki wa kaskazini mwa dunia huzaliana kwa wingi, na kusini ni wakati wa kuvuna mazao ya nyuki.

Kwa Katavi, siku hii haina ugeni wowote. Wakonongo wa Inyonga, wilayani Mlele, wanafahamika tangu zamani kwa asali ya misitu ya miombo. Mti unaochanua humpa nyuki chakula, na nyuki naye huchavusha maua, hivyo mbegu hupatikana na msitu hujizalisha. Alizeti na mazao mengine ya shambani nayo hunufaika na kazi hiyo hiyo.

Hata hivyo, asali inaweza kuvunwa kwa namna inayoua chanzo chake. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kubandua gome la mti ulio hai, na mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hukauka. Moto unaowashwa kufukuza nyuki na kuachwa bila kuzimwa huweza kuteketeza eneo kubwa la msitu wakati wa kiangazi. Mizinga ya masanduku, ambayo hutumika kwa miaka mingi, na vifaa vya kutoa moshi bila kuacha moto wazi hupunguza madhara hayo. Usimamizi wa shughuli hii nchini unaongozwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002.

15 Februari: kiboko wa Mto Katuma

Hifadhi ya Taifa Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, inajulikana duniani kwa wingi wa viboko. Pale Sitalike, kusini mwa mji wa Mpanda, viboko huonekana katika Mto Katuma bila msafara mrefu. Mto huo hupeleka maji katika maeneo oevu ya Katavi na Chada, kisha maji hayo huendelea kupitia Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa.

Ngozi ya kiboko haivumilii jua kali. Mchana hukaa majini, na usiku hutoka kwenda kula majani. Maji yanapopungua, wanyama hao hawana pa kwenda. Mamia hubanana katika madimbwi machache yenye matope, na madume hupigana. Mamba nao hujificha katika mapango kwenye kingo za mto wakisubiri mvua.

Hapa ndipo kalenda ya dunia inapopishana na majira ya Katavi. Tarehe 15 Februari ni katikati ya mvua, mto umejaa na viboko wametawanyika, hivyo anayetazama siku hiyo hawezi kuona tatizo. Tatizo huonekana mwezi Septemba na Oktoba. Katuma, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, sasa hukatika wakati wa kiangazi, na miongoni mwa sababu ni maji kuchepushwa kwa ajili ya umwagiliaji kabla hayajafika hifadhini.

Mkulima anayehitaji maji ya mpunga ana hoja, na mifugo na wanyamapori nao wanategemea mto huo huo. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inataka uchepushaji wa maji ufanyike kwa kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, ambayo kwa Katuma ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa. Sheria za nchi pia zinakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Zikifuatwa na wote, wakulima wa bondeni hupata mgawo wao na mto hubaki na maji.

14 Julai: sokwe na milima ya Tanganyika

Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall, akiwa na umri wa miaka 26, aliwasili Gombe, mkoani Kigoma, kuanza utafiti wa sokwe. Tangu mwaka 2018 tarehe hiyo imekuwa Siku ya Sokwe Duniani.

Wengi huhusisha sokwe na Gombe na Mahale pekee, lakini wapo pia katika misitu ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, nje ya hifadhi za taifa. Hao huishi kwenye miombo iliyo kavu zaidi, hivyo huhitaji eneo kubwa ili wapate chakula, na usingizi wao hutegemea miti, kwa kuwa kila jioni hujenga viota vipya. Katika Milima ya Ntakata, vijiji vinavyotunza misitu yao hupata mapato kupitia biashara ya kaboni, na fedha hizo zimesaidia huduma za jamii kama elimu na afya. Msitu uliosimama umekuwa na thamani inayoonekana kijijini.

Siku nyingine zenye majina ya kuchekesha

Siku ya Twiga iliwekwa tarehe 21 Juni kwa sababu mnyama mwenye shingo ndefu kuliko wote alistahili siku yenye mchana mrefu kuliko zote. Hesabu hiyo ni ya kaskazini mwa dunia. Mpanda iko kusini mwa Ikweta, na tarehe hiyo ndiyo yenye usiku mrefu kuliko zote. Heshima ya twiga haipungui kwa hilo, kwani ndiye mnyama wa taifa.

Siku ya Choo Duniani ilianzishwa mwaka 2001 na Jack Sim wa Singapore, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha mwaka 2013. Inaangukia mwezi Novemba, mvua zinapoanza Katavi. Mvua hizo husomba kinyesi kilichoachwa wazi hadi kwenye visima na mito, na kipindupindu huenea kwa njia hiyo. Shimo la choo lililochimbwa kabla ya tarehe hiyo lina faida kuliko hotuba itakayotolewa siku yenyewe.

Namna ya kuadhimisha

Maadhimisho ya siku hizi hayahitaji jukwaa wala fulana. Tarehe 20 Mei kikundi cha wafugaji nyuki kinaweza kukagua mizinga na kukubaliana kuhusu moto. Shule inaweza kutumia kipindi kimoja tarehe 15 Februari kupima kina cha maji cha mto ulio karibu, mahali palipo salama na mbali na viboko, kisha ikapima tena mwezi Oktoba. Tofauti ya vipimo hivyo viwili itawaeleza wanafunzi na wazazi wao hali ya maji yao kwa uwazi kuliko jina la siku yoyote.