Kuuza umeme wa magari Mtito Andei: mtaji uende wapi?

MFANYABIASHARA anayetaka kuuza umeme wa magari Mtito Andei, mji mdogo ulio karibu katikati ya barabara ya Nairobi–Mombasa, ana njia tatu, na mitaji yake haifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni soketi ya kawaida kwenye nyumba ya wageni. Hutoa kilowati 3 hivi, hivyo gari lenye betri ya uniti 40 litalala hapo. Gharama ni ndogo, na anayelala hula pia.

Ya pili ni mashine ya kasi ya kilowati 50, inayojaza betri hiyo kwa saa moja hivi. Mara nyingi huhitaji transfoma yake, na plagi nazo hutofautiana: Nissan Leaf zilizotumika Japani huja na CHAdeMO, mengi ya magari mengine hayana. Gari lisipokuja, mkopo bado unadaiwa.

Ya tatu, kubadilisha betri za bodaboda, ndiyo yenye hesabu nzuri zaidi. Bei maalumu iliyoanza Kenya Aprili 2023 ilikuwa Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa za matumizi madogo, hasa usiku, kabla ya kodi na tozo. Msafiri hufika adhuhuri, akauziwa umeme wa Sh16. Betri za bodaboda hujazwa usiku zikasubiri asubuhi, na mwenye pikipiki hurudi kila siku, si Krismasi tu.

Kikwazo ni betri za akiba: ndizo zinazomeza mtaji, na ya kampuni moja kwa kawaida haiingii pikipiki ya nyingine.