Mfano si sampuli

Sisi wa Lubumbashi tunapotafsiri neno la Kifaransa échantillon, mara nyingi tunasema "mfano" na kuendelea na safari. Nilitambua kosa hilo nilipowasindikiza wanafunzi wa jiolojia kama mkalimani. Wakaaji wa mtaa mmoja walikuwa wamepata lori dogo la mchanga mweusi, mabaki ya kuyeyusha madini, wajazie mashimo ya mvua katika nyua zao. Kabla ya kuutandaza pale watoto wanapochezea, walitaka kujua kama una madini ya risasi. Katika mji ambao umeyeyusha shaba tangu 1911, swali hilo si la bure.

Niliwaambia: "Tuleteeni mfano wa mchanga huu." Mama mmoja akaniletea bonge moja la kijani. Nilipositasita akasema: "Haukusema mufano? Njo huu."

Alikuwa na haki. Mfano huonyesha jambo waziwazi, ndiyo maana mtu huuchagua. Lakini kama tungepima bonge lile peke yake, aliyeuleta mchanga angejibu kwamba tumeokota kilicho kibaya. Na kama tungechota kiganja cha juu kilichooshwa na mvua, labda tungewatuliza watu bure.

Lundo lina tabia yake. Mchanga unapomwagwa, vipande vikubwa hubingirika hadi chini pembeni, na vumbi laini hubaki katikati. Vumbi ndilo linaloingia kwa urahisi kinywani mwa mtoto. Kwa hiyo anayechota pembeni tu hupima kitu kingine.

Mkemia Mfaransa Pierre Gy, aliyeanza kazi mgodini Kongo-Brazzaville miaka ya 1940 na baadaye akatunga nadharia ya uchukuaji wa sampuli, aliweka sharti moja kubwa: kila chembe ya lundo iwe na nafasi sawa ya kuchukuliwa. Kisichotimiza sharti hilo hakukiita sampuli, bali kielelezo tu.

Basi tulifunika pua kwa vitambaa, tukalihamisha lundo lote kwa koleo. Kila koleo la kumi lilimwagwa kando, juu ya turubai safi. Yule mama ndiye aliyehesabu, na hakuna aliyethubutu kumruka. Fungu lililotengwa tukalipitisha vilevile mara ya pili. Kilichobaki tulikichanganya, tukakirundika kama pia, tukakibapa na kukigawa robo nne. Robo mbili zinazoelekeana zikatupwa, mbili zikachanganywa upya. Tulirudia mara nne, mpaka ukabaki mfuko wa kilo mbili hivi. Koleo lilikuwa safi, lisilo na rangi wala mipako ya zinki, maana chombo nacho kinaweza kuongeza madini. Juu ya mfuko tuliandika tarehe, saa, mahali na jina la aliyeuchukua.

Tangu siku ile nasema "sampuli", na nikiona uso wa mtu haukubali, naongeza: "kidogo cha kila mahali, bila kuchagua." Ni maneno mengi kuliko moja, lakini hayamwagizi mtu aokote bonge la kijani. Nasi tunaokusanya sentensi za wazee vijijini tujiulize: tumechukua sampuli, au tumeokota mifano iliyotupendeza?

Majibu ya maabara bado. Mchanga umefunikwa kwa turubai, mawe manne juu yake, na yule mama hamruhusu mtoto yeyote kuukaribia.