Kondoo wa Watakatifu: Utangulizi wa Dini, Mamlaka na Utamaduni Ulaya, 1500–1700

Katika kijiji cha Morebath, jimboni Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, watakatifu walikuwa na kondoo. Mtakatifu George alikuwa na wake, Bikira Maria alikuwa na wake, na Mtakatifu Sidwell, kipenzi cha padri wa pale, naye hakukosa. Kondoo hao hawakuwa na zizi lao. Walichungwa humo humo katika makundi ya wanakijiji, huyu akitunza mmoja, yule wawili, na sufu yao ikiuzwa, fedha zilinunua mishumaa ya kuwaka mbele ya sanamu. Kila mwaka hesabu zilisomwa mbele ya watu: kondoo yupi kafa, yupi kazaa, sufu imeleta kiasi gani, nani bado anadaiwa. Kijiji kizima kilikuwa na familia 33 hivi.

Tunayajua haya kwa sababu Padri Christopher Trychay, aliyeingia parokiani mwaka 1520 na kukaa humo hadi alipofariki mwaka 1574, aliziandika hesabu hizo kwa mkono wake mwenyewe. Hebu fikiria wafalme aliowashuhudia. Henry VIII alitangazwa mkuu wa Kanisa la Uingereza mwaka 1534. Mwanawe Edward VI alikuwa Mprotestanti wa wazi, Mary akaurudisha Ukatoliki, na Elizabeth akauondoa tena. Padri ni yule yule na daftari ni lile lile. Mwaka 1538 serikali ikapiga marufuku mishumaa mbele ya sanamu, na kondoo wa watakatifu wakaanza kutoweka kwenye hesabu. Kwa takriban miaka 20 padri alikuwa akidunduliza ili parokia ipate mavazi meusi ya misa za wafu. Yakanunuliwa mwaka 1547, mwaka ule ule Henry alipokufa, na haukupita muda misa za wafu zenyewe zikafutwa. Vitu vya ibada vilipoanza kutwaliwa kwa amri ya London, mavazi ya kanisa yaligawanywa nyumba kwa nyumba. Mary alipotawazwa yakarudi, kila mtu na alichokificha.

Katikati ya misukosuko hiyo kuna mwaka 1549. Kitabu kipya cha sala, cha Kiingereza, kililazimishwa makanisani, na watu wa Devon na Cornwall wakaasi. Daftari la Morebath, kati ya matumizi mengine ya mwaka, linaonyesha fedha za kuwagharamia vijana watano waliokwenda kambini kwa waasi nje ya mji wa Exeter. Eamon Duffy, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya kijiji hiki mwaka 2001, ndiye aliyeonyesha jinsi mstari huo unavyopaswa kusomwa. Uasi ulizimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Kijiji kikaingia kwenye uhaini, na kikajiandikia risiti.

Nimeanza na Morebath badala ya Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kanisa, kwa makusudi. Wanafunzi wengi huja darasani na hadithi moja: wanateolojia walibishana, wafalme wakachagua upande, raia wakafuata. Hadithi hiyo inatoa majibu mazuri ya mtihani, lakini haisemi kwa nini familia 33 ziliamua kugharamia waasi. Ulaya ya wakati ule, dini ndiyo iliyoshika kodi, ardhi, ndoa, majina ya watoto, sikukuu na haki za marehemu. Aliyeigusa aliwagusa watu mfukoni na makaburini kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeingia katika fani hii ni aanze na madaftari ya hesabu na kumbukumbu za mahakama, halafu ndipo awaendee wanateolojia, akiwa tayari anajua walikuwa wakizungumza na nani.

Wapo pia wanaoteleza upande wa pili, wakidai kwamba imani ilikuwa kisingizio tu na kilichotafutwa ni fedha. Hao nawaona wamepotea zaidi. Chukua kisa maarufu cha rehema, yaani vibali vya kupunguziwa adhabu ya toharani, mwaka 1517. Albrecht wa Brandenburg, aliyekuwa tayari askofu mkuu wa Magdeburg, alitaka na uaskofu mkuu wa Mainz. Roma ilidai malipo makubwa kwa kibali hicho, naye akakopa kwa Jakob Fugger, tajiri wa Augsburg. Ili deni lilipike, Papa Leo X aliruhusu rehema ziuzwe: nusu ya mapato imlipe Fugger, nusu ijenge Kanisa la Mtakatifu Petro. Muuzaji, mtawa Mdominiko aitwaye Johann Tetzel, hakuruhusiwa kuingia katika ardhi ya Friedrich, mtawala wa Saksonia, na Friedrich alikuwa na sababu zake. Pale Wittenberg alikuwa na masalia ya watakatifu ambayo kufikia 1520 yalizidi 19,000, na mahujaji waliokuja kuyaheshimu walipata rehema zao hapo. Hakutaka fedha za watu wake zivuke mpaka. Lakini mtawala huyo huyo aliyelinda biashara ya masalia ndiye aliyemficha Luther katika ngome ya Wartburg mwaka 1521, na mafundisho ya Luther ndiyo yaliyokuja kuua hija hiyo. Hapo hesabu za faida na hasara hazitutoshi. Na wateja wa Tetzel walikuwa watu wenye hofu ya kweli juu ya wazazi wao waliokufa na moto wa toharani.

Wakulima wa Ujerumani nao waliisoma Injili kwa macho yao. Mwaka 1525, mjini Memmingen, waliandika madai 12: parokia ijichagulie mchungaji, zaka zitumike kwa haki, utwana ukomeshwe kwa kuwa Kristo aliwakomboa wote. Luther aliwaandikia watawala wawapige bila huruma, na makumi ya maelfu wakafa. Tangu hapo Matengenezo ya Kanisa yakawa zaidi na zaidi kazi ya mabwana, na mkataba wa Augsburg wa mwaka 1555 ukaweka muhuri: mtawala achague kati ya Ukatoliki na Ulutheri, na asiyekubali ahame.

Wanahistoria wawili wa Kijerumani, Heinz Schilling na Wolfgang Reinhard, walijenga juu ya hapo nadharia iliyotawala fani kwa miaka mingi, nadharia ya ujenzi wa madhehebu. Walisema Wakatoliki, Walutheri na Wakalvini, pamoja na uadui wao wote, walikuwa wakifanya kazi moja: katekisimu, shule, ukaguzi wa parokia, vitabu vya ubatizo na ndoa. Kanisa lilipata waumini wanaojua wanachoamini, na dola ikapata raia wanaohesabika. Nadharia hii naipenda, ila ina tabia ya kumtazama mwanakijiji kama udongo mikononi mwa mfinyanzi.

Tazama Geneva, mji wa Jean Calvin. Tangu 1541 lilikuwapo baraza la wachungaji na wazee wa kanisa lililokutana kila wiki kuwahoji watu. Waliitwa wanandoa waliogombana, waliocheza dansi, na akina mama ambao bado walinong'ona sala zao kwa Kilatini. Mwezi Agosti 1546 baba mmoja alileta mwanawe abatizwe Claude, jina la mtakatifu aliyeheshimiwa sana eneo lile. Mchungaji, bila kumuuliza mtu, akambatiza Abraham. Kanisani kukazuka vurugu. Baba akamchukua mtoto, akasema heri akae bila ubatizo mpaka afike miaka 15 ajichagulie jina mwenyewe. Mwaka huo huo serikali ya mji ikatoa orodha ya majina yaliyokatazwa. Hapa mamlaka yanaonekana kwa karibu kuliko katika mkataba wowote wa wafalme, na raia naye anaonekana, maana huyu baba hakunyamaza.

Juu ya vita nitakuwa mfupi, kwa kuwa vitabu vimejaa: mauaji ya Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Kifaransa, mjini Paris kuanzia Agosti 24, 1572, Vita vya Miaka 30 kuanzia 1618 hadi 1648, kufukuzwa Hispania kwa wazawa wa Waislamu waliokwisha kubatizwa, kati ya 1609 na 1614. Kinachosahaulika ni miaka mingi ambayo majirani wa madhehebu tofauti waliishi pamoja kwa kununiana tu. Papa Gregory XIII aliporekebisha kalenda mwaka 1582 na kuruka siku 10, Waprotestanti wengi walikataa kupangiwa tarehe na Roma, na mjini Augsburg suala hilo lilileta ghasia mwaka 1584. Palikuwa na miji ambamo jirani anasherehekea Pasaka na mwenzake bado yumo katika Kwaresima. Msomaji anayejua mabishano yetu ya kuandama kwa mwezi hahitaji maelezo zaidi. Uingereza ilishikilia kalenda ya zamani hadi 1752. Huko Amsterdam, Wakatoliki waliokatazwa kuwa na makanisa ya hadhara walisali darini. Kanisa moja la namna hiyo, lililojengwa ndani ya nyumba ya mfanyabiashara mwaka 1663, bado linatembelewa hadi leo.

Sasa tatizo la vyanzo. Sauti nyingi za watu wa chini zimetufikia kwa sababu mtu fulani mwenye madaraka aliwakamata na kuwahoji. Domenico Scandella, msagishaji nafaka wa Montereale huko Friuli, aliyeitwa Menocchio, alihojiwa na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki ya kuwasaka wazushi, mwaka 1584, akafungwa, akaachiliwa, akakamatwa tena 1599, akauawa. Alieleza kwamba mwanzoni vitu vyote vilikuwa vurugu moja, vikagandamana kama jibini itokavyo kwenye maziwa, na ndani yake wakatokea mabuu, nao ndio malaika. Alilalamika kwamba kutumia Kilatini mahakamani ni kuwasaliti maskini. Alikuwa amesoma vitabu vichache, vingi vya kuazima, na Carlo Ginzburg, aliyemfanya awe maarufu mwaka 1976, anaona huenda kimojawapo kilikuwa Kurani, ambayo tafsiri yake ya Kiitaliano ilichapwa Venice mwaka 1547. Mtu huyu aliwahi pia kuwa mkuu wa kijiji na msimamizi wa mali za kanisa. Kila neno lake tunalolisoma liliandikwa na karani wa waliomuua.

Hata hivyo wahoji hawakuwa wa aina moja. Nchi za Kijerumani ndizo zilizoua watu wengi zaidi kati ya wale 40,000 hadi 50,000 waliouawa Ulaya kwa shutuma za uchawi. Hispania, ambayo wengi huidhania vibaya, ilikuwa na mhoji wa Inkwizisheni aitwaye Alonso de Salazar y Frías. Baada ya watu kuchomwa moto mjini Logroño mwaka 1610, alizunguka milima ya Navarra na kuwahoji watu 1,802 waliokiri uchawi, 1,384 kati yao watoto. Akaandika kwamba hakuona ushahidi wowote, na kwamba habari za uchawi zilienea pale tu watu walipoanza kuzihubiri. Mwaka 1614 wakuu wake wa Madrid walikubaliana naye.

Wareno nao walikuwa na Inkwizisheni yao. Ilifunguliwa Goa, makao yao huko India, mwaka 1560, na kivuli cha Goa kilifika pwani yetu. Hata kabla ya hapo, mmisionari Mjesuiti Francis Xavier alipopita Malindi mwaka 1542, mzee wa mji alimlalamikia kwamba kati ya misikiti 17, mitatu tu ndiyo ilikuwa na waumini. Yeye Xavier alilipeleka lalamiko hilo Ulaya kwa barua, na mtu anaweza kujiuliza kama mzee yule alidhani anazungumza na adui au na mcha Mungu mwenzake. Karibu karne moja baadaye, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na watawa Waagustino huko Goa na kubatizwa Jerónimo, alirudishwa Mombasa awe mfalme. Alionekana akiomba kwenye kaburi la babake kwa desturi ya Kiislamu, na habari zilikuwa njiani kwenda Goa. Agosti 1631 akaishambulia Ngome ya Yesu, akamuua kamanda wa Kireno, na waliokataa kuuacha Ukristo wakauawa, wakiwamo watu wa pwani waliobatizwa.

Goa ikafungua uchunguzi ili waliouawa watangazwe wafia dini, na G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha ushahidi huo kwa Kiingereza mwaka 1980. Mashahidi walijua kinachotafutwa, na majibu yao yamejipanga kufuata swali. Mwanafunzi asiyejua Kilatini wala Kijerumani aanzie hapo. Aangalie nani anauliza, nani anaandika, shahidi gani aliona kwa macho yake na nani alisimuliwa, kisha atafute majina ya Waswahili waliokufa Wakristo na aulize walikuwa jamaa za nani mjini Mombasa.