Chombo cha mafuta na vyungu vya Sanga

Katekista mmoja alinieleza jambo hili. Watu wa kijiji chake walikuwa wakichimba udongo wa matofali, wakakuta mifupa ya mtu pamoja na vyungu vizima vya zamani. Naye aliogopa. Akaamuru vivunjwe mbele ya watu wote, akisema ni vitu vya mashetani. Kisha akaniuliza: « Padri, nilifanya vema? » Nataka kumjibu hapa, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Tuanze mbali kidogo, kwa Wagiriki. Katika mji wa Athene, karne ya 5 mbele ya Kristo, wafinyanzi walitengeneza chombo kirefu cha udongo, chenye shingo nyembamba na mkono mmoja, jina lake lekitosi. Ndani walitia mafuta ya harufu nzuri. Shingo ile iliyatoa polepole, yasimwagike bure. Lekitosi nyingi za maziko zilipakwa udongo mweupe, na juu yake walichora picha, kwa mfano mwanamke anayeleta zawadi kaburini. Lakini nyingine zilikuwa na kikombe kidogo kilichofichwa chini ya shingo. Kwa kutazama, ungesema chombo kimejaa. Kumbe mafuta ni kidogo tu.

Yule mwanamke wa Betania hakufanya hivyo (Mk 14, 3-9). Alivunja chombo cha alabasta, akaimwaga nardo yote. Na Bwana Yesu alilipokea tendo lile kama matayarisho ya maziko yake.

Sasa turudi kwetu. Huko Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, upande wa mashariki wa Kamina, Jean Hiernaux alichimba mwaka 1957, Jacques Nenquin mwaka 1958, na Pierre de Maret mwaka 1974. Walikuta makaburi mengi. Yale ya wakati unaoitwa wa Kisale ni ya karne ya 8 mpaka ya 13. Humo wafu walizikwa pamoja na vyungu vya kitako cha mviringo, vilivyopambwa kwa mistari, tena vitu vya chuma na vya shaba. Katika makaburi ya watoto walikuta vyungu vidogo.

Tufikiri vizuri. Mtu aliyeweka chungu kidogo kando ya mtoto wake, je, alifanya kazi ya shetani? Alikuwa mzazi mwenye kulia. Hakujua Injili, lakini alijua kwamba mfu hatupwi kama takataka. Nasi tunaotia maji ya baraka juu ya jeneza, tusimcheke.

Basi, ndugu katekista, jibu langu ni hili. Usivunje, wala usiuze. Usikitoe chungu mahali pake, kwa sababu wataalamu wanajifunza mengi kwa kuona kilivyowekwa karibu na mifupa. Kikiisha kutolewa, habari hiyo imepotea. Simamisha kazi, funika shimo, peleka habari kwa padri na kwa serikali. Kisha kusanya watu, waombee marehemu wale. Hao ni wazee wetu.